Ukuta wa Mawifi Wawili

Hoteli yetu iko ndani ya msitu, na wageni hulipa vizuri ili walale katika nyumba za fito na udongo, nyumba ambazo sisi wenyewe tulizihama mara tu tulipoweza kununua matofali. Mimi ni mpishi wao, sisemi kitu. Ukitaka kucheka, mtazame mtu aliyetoka kwenye ghorofa akipapasa ukuta huku amefumba macho, eti anaisikia asili. Ila kuna ukuta mmoja pale ambao mimi siupiti nikiwa peke yangu.

Nyumba zote zile zilikandikwa na wanawake wawili. Mmoja tulimwita Mama Udongo. Wa pili alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, tuliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Walikuwa chanda na pete. Sasa, ukuta wa fito haukandikwi na mtu mmoja. Mmoja husimama ndani, mwingine nje, wakasukuma udongo kwa viganja mahali pamoja, kwa wakati mmoja, mpaka ukutane katikati na kushikana. Ukisukuma peke yako, udongo unapenya kwenye fito na kudondoka upande wa pili. Kwa hiyo walikuwa na sheria yao. Anayetaka kuondoka, hata kama ni kwenda kunywa maji, husema "nakuachia," na hatoi mkono mpaka mwenzake ajibu "niachie."

Kutwa nzima hawakuonana, lakini matusi yao ya utani tuliyasikia hadi jikoni.

"Sukuma basi, wifi! Kaka yangu alioa mikono au aliokota vijiko?"

"Kaka yako alikuwa anakimbia mdomo wako, ndiyo maana akaoa upesi!"

Walikuwa wamefika kwenye nyumba ya mwisho, ile inayopakana na miti mikubwa, homa ilipomshika Chiriku. Ilikuwa adhuhuri. Mama Udongo aliyekuwa ndani aliona tu udongo ukimponyoka na kudondokea nje. Akaita, akaita tena, kimya. Alipozunguka alimkuta wifi yake amelala chini. Hakuamka tena, na kesho yake tukamzika.

Msiba ulipokwisha, mwenye hoteli, bwana mpole lakini mwenye haraka, akamwambia Mama Udongo atafute mwenzake. Mama Udongo akasema hahitaji mtu, akarudi peke yake kwenye ile nyumba ya mwisho.

Nilimpelekea chai. Nikamkuta ndani anasukuma udongo, tena anacheka chinichini. Ukuta ulikuwa umempanda hadi kifuani. Nikamuuliza nani yuko nje.

"Nani awepo?" akanijibu bila kugeuka.

Nikazunguka na kikombe mkononi. Nje hapakuwa na mtu. Udongo ulikuwa umeshikana vizuri, haujadondoka hata tonge moja. Na nilipokuwa nautazama, ukabonyea. Hapa, halafu pembeni yake. Ulikuwa ukibonyea kwa umbo la kiganja. Chai niliimwaga miguuni pangu mwenyewe, na sikusikia kama nimeungua mpaka nilipofika jikoni.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini, nionekane nimerukwa na akili? Halafu Mama Udongo alikuwa anapendeza, anakula vizuri, anaimba. Niliogopa, sikatai, lakini nilimwonea huruma zaidi. Mtu aliyefiwa akirudishiwa hata kiganja tu, wewe ni nani umnyang'anye?

Mwenye hoteli ndiye aliyeharibu mambo, bila kujua. Aliona kazi inakwenda polepole, akamwajiri binti wa Mama Udongo, msichana aliyemaliza shule juzijuzi, asimame nje. Mama yake alikataa weee, mwisho akashindwa, kwa sababu kazi ni kazi na nyumbani walikuwa na shida. Siku ya kwanza tu, binti akaja kuniuliza jikoni, akinawa mikono.

"Mama, hivi ukikandika huwa unasikia mkono wa mtu juu ya wako?"

"Si wa mama yako huo, kutoka ndani?"

"Wa mama uko mbele. Huu unatokea nyuma yangu. Halafu wa baridi."

Kesho yake adhuhuri akaanguka, palepale alipoangukia shangazi yake.

Tukampeleka zahanati, akachomwa sindano, akapewa vidonge, homa ikakataa kushuka. Tukamrudisha nyumbani. Amelala kitandani, macho yamefungwa, mikono yake miwili imeinuka inasukuma hewa, inasukuma tu. "Nasukuma, shangazi," alikuwa anasema. "Si nasukuma!"

Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia Mama Udongo, "Mwenzako hakusema anakuachia, na wewe hukumjibu. Yule bado yuko kazini."

"Najua," akasema. "Nimejua tangu siku ya kwanza. Sikutaka aende."

Tulirudi msituni wote wawili, jua likiwa utosini. Ndege walikuwa wamenyamaza, na siku zote pale huwa hata hamsikilizani. Mama Udongo akaingia ndani, nami nikamfuata, akaweka viganja kwenye udongo mbichi. Nilimwona mabega yake yakirudi nyuma kidogo, kama mtu anayesukumwa.

"Wifi," akasema, "mtoto ni wa kaka yako. Ni damu yako. Nikikuzuia wewe, namuua yeye." Akavuta pumzi. "Basi, niachie. Umesikia? Niachie."

Kisha udongo wote mbichi, kutoka kifuani hadi magotini, ukaondoka kwa mara moja na kuangukia nje. Tukabaki tunatazama miti kupitia kwenye fito tupu.

Binti homa ilimtoka saa ileile, nikuambie mapema usije ukakaa roho juu. Tulimkuta amekaa kitandani anadai chakula, na mpaka leo ni mzima. Lakini pale kwenye ukuta hatukuwa tumejua hilo bado. Mama Udongo alikaa chini, mikono yake michafu mapajani, akalia kwa sauti mpaka koo likamkauka.

"Sasa nani atanishikia?" akaniuliza. "Nani?"

Mimi nimezoea mwiko na sufuria, udongo nausikia tu. Nikatoka, nikazunguka nyuma. Udongo ulikuwa umemwagika chini ya ukuta wote, isipokuwa mahali pa nyayo mbili zilizoelekea ukutani. Hapo ardhi ilikuwa kavu, kwa sababu udongo ulipoanguka kulikuwa na mtu amesimama. Nilitaka kukimbia, nakiri, lakini kilio cha yule mama kilikuwa kinanifikia kupitia kwenye zile fito. Nikavua ndala. Nikasimama ndani ya nyayo zile, nikachota udongo, nikainua viganja.

"Haya," nikamwambia, "sukuma."