Masale Saba ya Mwika

Kwa miaka ishirini na saba Leodegar Mlay alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, na muda wote huo alikuwa na desturi moja iliyowachosha makarani wake: shauri la ardhi hakulimaliza mezani. Alivaa viatu vya mpira, akachukua utepe wa kupimia na wazee wawili washauri wa mahakama, akaenda kuukanyaga mpaka mwenyewe. Kwa hiyo waliomfahamu walishangaa, Machi 2001, waliposikia anaacha kazi kwa sababu ya shauri la mpaka. Tena mpaka alioukanyaga.

Shauri lilikuwa la mwaka 1988, huko Mwika. Mjane aitwaye Mektrida na jirani yake Fabian waligombea kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, upana wake hatua kumi na nne, chenye migomba na mibuni. Mektrida alisema ardhi yake inaishia kwenye mfereji wa zamani uliokauka. Fabian alisema inaishia kwenye safu ya masale saba, ile mimea ya majani marefu, hatua kumi na nne kabla ya mfereji. Hakimu aliyakuta masale hayo yamesimama mstari ulionyooka, na Uchagani kila mtu anajua kwamba sale hupandwa mpakani.

"Haya aliyapanda nani, mama?" aliuliza.

"Wazee wa mume wangu."

"Kwa kazi gani?"

Mektrida aliwatazama wanawake wa jumuiya yake ya kanisa, waliokuja kumsindikiza. "Ni masale yetu tu," alisema.

Mzee Elimringi, mmoja wa washauri, alikohoa na kuinamisha macho. Hakimu aliandika kwamba masale ndiyo mpaka. Mjane hakukata rufaa.

Miaka kumi na mitatu baadaye, bei ya kahawa ilipoanguka, Fabian aliamua kung'oa mibuni ya kipande kile apande nyanya. Jembe lake liligonga chungu kilichofunikwa mdomo chini, kwenye mizizi ya sale la kwanza. Ndani yake palikuwa na fuvu la mtu. Chini ya sale la pili palikuwa na chungu kingine. Hakugusa la tatu.

Zamani, watu wa mlimani walifukua mifupa ya wafu wao baada ya miaka kadhaa, wakaweka fuvu chunguni na kulihifadhi chini ya masale, ndani ya kihamba cha ukoo. Hawakuliweka pembeni kwa jirani; penye fuvu ni ndani ya kihamba, si mpakani. Kanisa lilipoingia desturi ikaachwa, kisha hata kuitaja kukawa aibu. Mlay alizaliwa Sanya Juu, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la mzungu, akakulia bweni la misheni. Alijua sale la mpakani, na sale la msamaha: mkosaji hulibeba jani lake kwa aliyemkosea, na aliyeletewa hana ruhusa ya kulikataa. Sale la makaburi hakuwahi kuambiwa.

Fabian alirudishia udongo, akachuma jani, akalipeleka kwa Mektrida. Bibi huyo hakunyoosha mkono.

"Wewe hukuninyang'anya, ulipewa," alimwambia. "Aliyekupa aje yeye. Kipande changu sikipokei kwa mlango wa nyuma."

Fabian akateremka hadi mahakamani kumweleza hakimu. Siku hiyohiyo hakimu alimwita Mzee Elimringi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona ulikohoa tu?"

"Mimi ni mzee wa kanisa, hakimu. Ningesimama mbele ya kina mama wale niseme najua mafuvu yanalala wapi?"

Kisheria hapakuwa na la kufanya. Hakimu hawezi kuibadili hukumu yake mwenyewe, na muda wa rufaa ulikuwa umepita zamani. Karani wake, Violet, aliona hakuna tatizo. "Fabian si anarudisha mwenyewe, mzee? Wewe unaumia nini?" Lakini bibi wa Mwika alikuwa amefika miaka sabini na miwili, na alikuwa akimsubiri mtu mmoja tu. Hakimu aliyeko kazini akionekana amebeba jani la msamaha kwenda kwa mdaawa, kila aliyewahi kushindwa mbele yake angekaa mlangoni kungoja la kwake.

Mlay alikuwa na miaka hamsini na sita. Angeweza kubaki kitini minne zaidi. Aliandika barua ya kustaafu kwa hiari, mistari mitano, akamsomea mkewe Hilda nyumbani kwao, mtaa wa Soweto mjini.

"Baba Sylvanus, wenzako wanaomba waongezewe, wewe unaomba upunguziwe?"

"Naomba nifunguliwe."

"Kwa ajili ya jani?"

"Kwa ajili ya jani."

Hilda alirudi kumenya ndizi. Baadaye alimuuliza kama suti ya mahakamani waipeleke kwa fundi ipunguzwe, maana ya kanisani ilikuwa imechakaa.

Barua ilikubaliwa. Alikabidhi funguo na majalada Ijumaa ya mwisho ya Juni, na Jumatatu asubuhi alikuwa Mwika, amevaa viatu vya mpira, jani la sale mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, hakimu."

"Si hakimu tena. Nimeacha Ijumaa."

Mektrida aliweka ungo chini. "Basi sema."

"Nilikosea. Nilipima masale, sikuuliza yanalinda nini."

"Uliuliza," bibi alisema. "Mimi ndiye niliyeona haya kukujibu. Lakini uliuliza mara moja tu. Shamba la watu unauliza mara moja?"

"Hapana, mama."

Alilipokea jani kwa mikono miwili, akalitazama pande zote kama anayekagua nguo sokoni. "Jani halioti. Kakate vijiti. Utepe wako unao?"

Alikuwa nao mfukoni. Fabian aliitwa na jembe lake. Walianzia kwenye yale masale saba, wakapima hadi kwenye mfereji mkavu, na Mlay alichomeka vijiti vya sale kimoja kimoja ukingoni, huku Mektrida akimfuata nyuma.

"Hicho kimepinda," alimwambia. "Kichomoe."

Akakichomoa.