Kigari cha Jeneza

Tangu juzi naona aibu kupita njia ya makaburini hapa Ifakara. Mimi ni mwalimu wa usanifu katika chuo cha ufundi, na muhula huu nimewafundisha vijana vipimo na mwendo. Mzee Kalisti, mtunza stoo wetu, alipofariki, wa kupokezana jeneza mabegani walikuwa wachache, kwa kuwa ndugu zake wengi walikuwa Malinyi wakilinda mpunga. Nikasema nitatengeneza kigari.

Shida ilikuwa kushuka tuta la reli, ambalo makaburi yako chini yake. Nilipiga hesabu ya mteremko, nikapata moja, nikamtuliza mjane, Mama Anjela: "Mita moja kwa sekunde, mama. Mwendo wa mzee." Sikuweka breki.

Kigari kilianza kushuka polepole, kikaongeza mwendo, kikatuponyoka mikononi, kikawapita wanakwaya na padri, kikaenda kukwama kwenye udongo wa kaburi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ile moja haikuwa mwendo, bali ongezeko la mwendo kila sekunde.

Wanafunzi wangu waliinamisha vichwa. Mama Anjela alifika akihema, akaweka mkono juu ya jeneza, akaniangalia.

"Mwalimu," akasema, "mume wangu alikuwa anawahi wapi?"