Mto wa Mama Watoto

Fundi wa magodoro ya hospitali aliacha shule darasa la sita kwa sababu, asemavyo mwenyewe, walimu walikuwa wameishiwa cha kumfundisha. Lakini muulize habari za mgongo uone! Atakugeuza papo hapo akuhesabie pingili.

"Uti wa mgongo umezungukwa na wavu wa mishipa inayorudisha damu moyoni," husema. "Ile ya miguuni ina vilango, damu ikipanda haishuki. Hii ya mgongoni haina. Kohoa tu, damu inarudi kinyume, wavu unavimba."

Hilo alifundishwa na daktari wa upasuaji, ndiyo maana anashona mito yenye tundu katikati: mgonjwa alale kifudifudi, tumbo lining'inie. Tumbo likibanwa, damu hukimbilia mgongoni, na daktari akipasua anakuta ziwa la damu.

Sasa ikafika zamu ya mkewe. Pingili zilibana neva, mguu wa kushoto ukafa ganzi. Fundi akaapa kumshonea mto mpya. Kupima? Ampime mke wake kwa futi, anayemjua kama kiganja chake?

Siku moja kabla ya upasuaji akautandika sebuleni, mkewe akajilaza. Fundi akajaribu kupitisha mkono tunduni, chini ya tumbo. Haukupita; tumbo lilibanwa pande zote.

"Umepima tumbo la nani?" mkewe akauliza.

"Lako."

"La mwaka gani, baba watoto? Hili limebeba wanne. Wewe umemshonea yule msichana uliyemuoa."

Fundi akaliwaza lile ziwa la damu. Akapiga magoti na futi, akapima taratibu, mkewe akicheka kwa kutekenywa. Akafumua, akaongeza tundu vidole vinne kila upande, akashona upya. Sasa hata ngumi ilipita.

Kesho yake alikaa kwenye benchi la hospitali bila kumfundisha mtu lolote, hadi wauguzi wakadhani anaumwa.

Daktari akatoka. "Damu kidogo mno, fundi. Ule mto ni kiboko!"

"Vipimo ni vya mke wangu," akajibu.

Asubuhi iliyofuata mkewe akachezesha kidole gumba cha mguu wa kushoto. Fundi akakishika, hakutaka kukiachia.

"Vipimo vyangu umemwambia nani?"

"Daktari tu."

"Na?"

"Na wauguzi." Akainama. "Na mlinzi wa getini."