Ng'ombe wetu na winga wa Skotlandi

Leo mgeni wa kanisa kutoka Skotlandi amekuja kwetu Werugha, na nusura nijifiche zizini.

Ng'ombe wetu ana jina la winga wa soka wa kwao wa zamani, kipenzi cha Baba. Mgeni alipolisikia akauliza kwa nini.

Baba naye akamwaga yote! "Leo anajaza ndoo, kesho anaipiga teke. Kama yule winga wenu."

Nikafunika uso 🙈

Halafu mgeni akacheka mpaka machozi. "Huyo ndiye yeye! Sasa mbona hujamuuza?"

"Wewe ungemuuza yule winga?"

"Hata kidogo."

Nikakumbuka ripoti zangu za shule: muhula huu juu, muhula ujao chini.

Uliyevumiliwa kwenu, sema hapa chini. Mimi naanza: asante Baba, hata mimi hukunipeleka mnadani.