Orodha ya Watoa Damu

Orodha ya kwanza ya watoa damu niliyoitengenezea kituo cha afya kimoja huku Kasulu ilikuwa nzuri kwelikweli, na haikumfaa mtu. Nasema mwenyewe kabla hajanisemea mwingine.

Muuguzi wa wodi ya wazazi, mama wa makamo mzaliwa wa hukuhuku, aliniomba kitu kimoja. Mzazi akitokwa damu nyingi, yeye ashike simu, achague kundi la damu, aone majina na namba za watu walio karibu. Basi. Mimi nikachukua kiunzi cha programu, yaani zile sehemu zilizokwisha kutengenezwa na wengine ili wewe uunganishe tu, na kwa kuwa kilikuwa na kila kitu, nikaweka kila kitu. Ngazi za watumiaji. Chati zinazojichora zenyewe. Kila mtoa damu alitakiwa awe na barua pepe, kwa sababu kiunzi kilitaka hivyo. Wakulima wa Makere na Rungwe Mpya, barua pepe! Muuguzi alikaa wiki nzima akiwatungia anwani za uongo ili fomu ikubali.

Asubuhi moja nilikuwepo damu ilipohitajika. Muuguzi alifungua simu, kiduara kikaanza kuzunguka. Akakitazama kidogo, akailaza simu mezani, akachomoa daftari mfukoni na kuanza kupiga namba kwa kisimu chake cha tochi. Mtu alipatikana. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeona haya hadi masikioni.

"Usijali, mwanangu," aliniambia baadaye. "Chako kizuri. Ila kinachelewa."

Nilirudi nyumbani na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu. Nikafuta. Chati, nje. Ngazi, nje. Barua pepe, nje. Kiunzi sikukitupa, sina ugomvi nacho. Nilibakiza kile kipande kinachopokea ombi na kurudisha ukurasa, pamoja na neno la siri moja, maana namba za watu si za kuanika. Makundi ya damu juu, majina chini, kama daftari lake. Ukurasa ukawa unafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua.

Mwezi uliofuata nikaitwa Kibondo, kwenye kikao cha kuamua kama orodha ipelekwe vituo vingine. Mtaalamu kijana wa kompyuta kutoka Dar aliipitia kazi yangu, akatabasamu.

"Kaka, hii imekaa kizamani. Tabaka za programu ziko wapi? Watumiaji wakiwa wengi je?"

"Leo ni wauguzi wanne," nikamjibu. "Wakizidi, nitaongeza. Leo siongezi."

Akasimama kuchora ubaoni, visanduku juu ya visanduku, mishale ikienda na kurudi. Nilivijua vyote. Nilishavijenga kwa mikono yangu, vikamkwamisha mama wa watu wakati ana mgonjwa kitandani. Mwenyekiti, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku, alinisihi kwa upole nikubali marekebisho ili kazi ipite. Nikasema sikubali. Kama haipiti, isipite, ya Kasulu itabaki ilivyo. Nilisema hayo nikimtazama usoni.

Simu yangu ikaita. Alikuwa muuguzi wa Kasulu; na mimi nimo orodhani, kundi O. Sisi Waha salamu zetu ni ndefu, tunaulizana mpaka habari za ng'ombe, lakini siku hiyo hakusalimia.

"Wewe ni O. Uko wapi?"

"Kibondo, mama."

"Mbali. Napiga mwingine."

Akakata. Nikawaambia wenzangu kilichotokea, na kijana akaendelea kuchora. Mimi sikuona tena ubao. Nilikuwa nawaza majina yaliyo chini ya langu, nani yuko shambani, nani simu yake imezimika. Ubao ulikuwa haujajaa ujumbe ulipoingia: "Mtu amefika. Tunampima."

Niliusoma kwa sauti, kikao kizima kisikie. Kisha nikamwomba kijana anionyeshe ni kisanduku kipi kati ya vile kingemfikisha yule mtu mapema zaidi.