Gemu ya Wawira na ndovu wa Kibugu

Jamani, naandika nikiwa nimejifungia jikoni.

Mnajua dadangu Wawira haoni. Leo mchana rafiki yake alimtumia gemu ya kuchezwa kwa masikio pekee. Hakuna picha. Uko msituni, ndovu anakutafuta, na ukisikia tawi likivunjika kushoto unakimbilia kulia.

Earphones zake zimeharibika, basi akaunganisha simu na spika yangu. Sauti yote juu!

Sasa hapa kwetu Kibugu, pembeni ya msitu, nani hucheza na sauti ya ndovu?

Mama Njoki, jirani yetu, akapiga nduru. Watu wakatoka mashamba ya majani chai wakigonga sufuria na debe, vile sisi hufukuza ndovu. Nikatoka mbio, aibu imenijaa.

"Poleni! Ni gemu tu!"

Wakacheka. Mama Njoki akanigombeza (haki yake) na kuanza kurudi kwake.

Kisha Wawira akatokea mlangoni, simu mkononi.

"Mama Njoki, usiende huko. Mimi nimezima gemu kitambo."

Mama Njoki akasimama.

Tawi likavunjika nyuma ya choo.

Sijui nani alimsukuma nani. Tumejazana hapa, Mama Njoki amekalia gunia la viazi akiomba. Mwenye namba ya askari wa wanyamapori aiweke hapo chini, tafadhali!

Sasa hivi tumemsikia ndovu akirudi msituni. Nikasema asante Mungu, ameenda.

Wawira bado ametega sikio dirishani.

"Huyo ameenda," anasema. "Huyu mwingine bado."