Plota Nyuma ya Kanga

Mama alinunua plota, ile mashine ya kukata herufi za stika, baada ya baba yangu kufariki, wakati ambao baba mdogo alikuwa ameshaikodolea macho fremu yetu ya biashara pale mjini Singida. Baba mdogo alisema wazi mbele ya ukoo: kama hicho kidude hakitakata chochote kufikia Jumamosi, fremu atajaza magunia yake ya alizeti. Mama alijibu tu kwamba amesikia.

Siku hizo soko lilikuwa limefunguliwa, kila kitu kinaingia nchini, ila maelezo yake yanabaki huko kilikotoka. Plota ilikuja na CD ya draiva, ile programu ya kuiunganisha na kompyuta, na kikaratasi cha Kichina. Aliyejua kompyuta katika familia nzima alikuwa mmoja tu, mume wangu, na hapo ndipo kizungumkuti kilipoanzia. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Tangu anioe, hata shikamoo yake kwa mama nilikuwa naipeleka mimi.

Fremu yenyewe ni chumba kimoja. Tukatundika kanga katikati. Mama na plota wakawa upande wa mlango wa uani, mume wangu na kompyuta upande wa barabarani, waya ukapita chini ya kanga. Mimi nikawa tarishi.

"Mwambie mama awashe."

"Mama, washa."

"Mwambie imewaka."

Kompyuta ikaiona mashine, nikaanza kupiga kigelegele. Mume wangu akasimama kukagua waya, akarudi kwenye kiti: haionekani. Akaitoa draiva, akaiingiza upya, akazima kompyuta akaiwasha. Ikaonekana. Akasimama tena. Ikapotea.

"Mama, imewaka kweli?"

"Mimi si kipofu, mwanangu. Taa hii hapa."

Nikachungulia, na kweli taa ilikuwa inawaka. Wiki ikaenda hivyo hivyo. Nilichanganyikiwa mpaka nikaacha kujiamini. Nilishuku waya, nikashuku umeme, nikawashuku Wachina, mwisho nikamshuku mume wangu kwamba hajui lolote, alijishaua tu enzi za uchumba. Nikamwambia hivyo hivyo. Akaendelea kubonyeza.

Jumamosi asubuhi mkokoteni wa punda ukasimama barabarani. Tukamsikia baba mdogo akihimiza magunia yashushwe. Mume wangu akainuka kukagua waya kwa mara nyingine, na mimi kwa hasira nikafunua kanga nimwite mama. Hakuwepo. Alikuwa uani, amegeukia ukuta, na plota ameizima.

"Mama! Mbona umezima?"

"Nikisikia kiti chake nampisha mkwe wangu. Sasa niache umeme unawaka peke yake, fremu iungue?"

Kumbe mkwe akisimama, yeye huzima na kutoka. Mkwe akiketi, hurudi na kuwasha. Wiki nzima! Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Mama alisikiliza gunia la kwanza likitua kibarazani. Kisha akaingia ndani, akawasha plota, akaivuta kanga yote ikaanguka, akamsemesha mkwe wake.

"Baba, niambie mwenyewe. Unataka nifanyeje?"

Mume wangu akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Usiizime, mama. Hata nikisimama."

Akaingiza draiva tena, akibonyeza maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyejua yanasema nini. Plota ikashtuka, kisu kikaanza kukata herufi za bango la kinyozi mmoja wa mtaa wa Mandewa. Mume wangu kwa furaha akajisahau, akainua uso.

Baba mdogo akaingia, akaitazama stika, kisha kanga iliyolala sakafuni.

"Shemeji, umeongea na mkwe wako?"

"Nimeongea naye. Nenda kanishtaki kwa ukoo. Ila magunia yako yarudishe kwenye mkokoteni."

Akaitazama mashine inavyokata, kisha akatoka. Tukasikia magunia yakipakiwa. Mume wangu naye akatoka, kwa aibu, akasimama barabarani.

Mama aliketi kwenye benchi. Akanivuta mkono nikae karibu.

"Nimemwona," akaninong'oneza. "Ana macho ya upole. Miaka yote hii, mwanangu, mbona hukuwahi kuniambia?"